Jembe, T au breki ya hoki: uanze na ipi ukitaka kusimama juu ya barafu?

Kwenda mbele juu ya barafu hakuna ugumu. Ukivaa viatu vya hoki ya barafuni na kujisukuma kidogo, utakwenda tu, utake usitake. Kazi ipo kwenye kusimama. Karibu kila mtu mzima anayeanza huangukia mbinu ile ile: anaukimbilia ukuta wa uwanja, anaupokea kwa mikono miwili, kisha anajifanya ndivyo alivyokusudia. Mimi niliishi na breki hiyo ya ukuta kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Viatu vya hoki havina breki. Havina kile kipande cha mpira kilicho kwenye baadhi ya viatu vya magurudumu, wala havina meno ya mbele kama viatu vya wacheza densi ya barafuni. Una chuma tu, chenye upana wa milimita 3 hivi, kilichochimbwa mfereji mwembamba toka mbele hadi nyuma. Mfereji huo unakigawa kila chuma katika makali mawili, ya ndani na ya nje. Miguu miwili, makali manne. Breki zote nitakazozizungumzia ni namna mbalimbali za kuyatumia hayo manne.

Neno la kushika ni kupara. Fikiria randa ya seremala. Jino lake likitokeza kiasi, linatoa maranda membamba na mbao inabaki laini. Likitokeza kupita kiasi linang'ata na kukwama. Likirudi ndani mno, randa inapita juu juu bila kuchukua kitu. Chuma cha kiatu nacho hukikingamishi njiani kikate barafu. Unakilaza kiasi kipare tabaka jembamba la juu, na unga wa barafu unaoruka ndio mwendo wako unaoishia hapo. Anayesimama vizuri anatoa sauti ya “shwaaa” inayofifia. Anayeng'ata anatoa “krak”, na sauti inayofuata huwa ya mwili wake.

Niseme msimamo wangu mapema ili usisubiri: anza na jembe, ligeuze liwe jembe la mguu mmoja, ichukue T kama zoezi na si kama breki, kisha ingia kwenye breki ya hoki. Lakini mpango huo haumfai kila mtu, na inategemea unataka kusimama kwa ajili ya nini.

Breki ya jembe

Ni ile ile ya wanaojifunza kuteleza mlimani kwenye theluji. Vidole vya miguu vinaelekeana, visigino vinatanuka, magoti yamekunjwa, na unasukuma visigino nje kana kwamba unataka kulipasua zulia ulilosimamia. Makali ya ndani ya miguu yote miwili yanapara kwa pamoja. Unaendelea kutazama mbele, miguu yote iko chini, na hakuna wakati ambapo uzito wako wote uko juu ya chuma kimoja. Kwa mtu ambaye bado anaogopa, hilo lina thamani kubwa.

Faida yake nyingine ni kwamba jembe hupunguza mwendo hata usipotaka kusimama kabisa. Unaweza kulifungua na kulifunga kama bomba la maji. Kwenye uwanja uliojaa watoto wanaokatiza mbele yako bila kutazama, uwezo wa kupunguza mwendo nusu na kuendelea unakufaa kuliko breki kali.

Kosa la kawaida ni vifundo kuangukia ndani. Mtu anadhani anasukuma, kumbe amevilaza vyuma mno, vimeng'ata, na sasa vinafuata njia yake vyenyewe: vidole vinazidi kukaribiana, vinagongana, naye anaenda chini kwa magoti. Dawa ni kuviinua vyuma kidogo, karibu visimame wima, halafu usukume kwenda nje zaidi ya unavyokandamiza chini. Nilipoelezwa hivyo nilikataa, kwa sababu akili yangu iliniambia chuma kikilazwa zaidi ndipo kinashika zaidi. Ni kweli kinashika. Shida ni kwamba wakati huo hutaki kishike.

Udhaifu wa jembe ni umbali. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu unayotakiwa kuimaliza inaongezeka mara nne. Kama jembe lako linakusimamisha ndani ya mita 3 ukiwa kwenye kilomita 10 kwa saa, kwenye kilomita 20 utahitaji kama mita 12 kwa msukumo ule ule. Uwanja wa hoki una urefu wa mita 60 hivi na upana wa mita 26 hadi 30. Ukiukata kwa upana, mita 12 ni karibu nusu ya nafasi yote. Mapaja nayo yanachoka haraka, kwa sababu misuli ya ndani ya paja ndiyo inayozuia miguu isitawanyike.

Hapo ndipo jembe la mguu mmoja linapoingia, na kwa maoni yangu ndilo zoezi lenye faida kubwa kuliko yote kwa anayeanza. Mguu mmoja unateleza moja kwa moja ukibeba uzito mwingi. Mwingine unatangulia kidogo, unageuzwa vidole vikiingia ndani, unasukumwa mbele na nje huku ukipara. Kwanza fanya ukiwa umesimama, umeshika ukuta: sukuma mguu mmoja pembeni mpaka utengeneze kirundo cha unga wa barafu. Utajua umepata unapoona unga, si mikwaruzo. Mimi nilikaa pale ukutani dakika kumi kila nilipoingia uwanjani, kama mtu anayefuta kiatu kilichokanyaga tope, na sioni aibu kusema zile dakika zilinisaidia kuliko saa nzima ya kuzunguka.

Breki ya T

Mguu wa mbele unateleza moja kwa moja. Wa nyuma unakingamishwa nyuma ya kisigino cha ule wa mbele, yote miwili ikifanya herufi T, kisha unaburutwa polepole. Waliotoka kwenye viatu vya magurudumu huipenda mno kwa sababu wanaijua tayari. Inapendeza kwa macho, mwili umenyooka, hakuna kishindo.

Kwenye viatu vya hoki mimi siishabikii, na nina sababu mbili. Ya kwanza: uzito uko kwenye mguu mmoja, na chuma cha hoki kimepindwa mbele na nyuma ili mchezaji ageuke haraka. Sehemu inayogusa barafu kwa wakati mmoja ni fupi, kwa hiyo mizania yake haina subira. Ya pili ni kwamba wengi huburuta makali yasiyo yake. T sahihi juu ya barafu hutumia makali ya nje ya mguu wa nyuma, mwili ukiegemea nyuma kidogo. Anayeanza huburuta makali ya ndani, kwa kuwa ni rahisi kuyafikia. Mguu unatetemeka, unadundadunda, na mwili unazunguka badala ya kusimama. Ukimwona mtu anajaribu kusimama na kila mara anaishia kutazama alikotoka, mtazame mguu wa nyuma.

Hata ikifanywa vizuri, T inasimamisha taratibu. Inafaa ukiwa unasogea kwenda kupanga mstari, au ukiwa unamalizia mzunguko wa mwisho. Haikufai mtu akianguka mbele yako ghafla.

Sasa, kwa nini sikuambii uiache kabisa? Kwa sababu ya yale makali ya nje ya mguu wa nyuma. Itazame breki ya hoki kwa ukaribu: mguu unaotangulia unapara kwa makali ya ndani, wa nyuma unapara kwa makali ya nje. Mguu wa mbele ni jembe la mguu mmoja. Mguu wa nyuma ni T. Anayejua vipande hivyo viwili amekwisha kujifunza breki ya hoki kwa mafungu, amebakiza kuvikutanisha. Wengi hujifunza kipande cha kwanza tu, halafu wanashangaa kwa nini mguu wa nyuma unawaburura au unakunjika.

Breki ya hoki

Hii ndiyo inayowaleta watu uwanjani: mchezaji anakuja kwa kasi, anageuza miguu yote miwili kwa pamoja, wingu jeupe linaruka, kimya. Inasimamisha kwa umbali mfupi kuliko nyingine zote, na inakuacha umekunja magoti, tayari kuondoka tena kwenda upande wowote. Katika mchezo wenyewe hilo la pili ndilo lenye maana zaidi. Makocha hukasirishwa na mchezaji anayezunguka duara kubwa kufuata paki, kile kisahani cheusi cha mchezo, badala ya kusimama na kugeuza, kwa sababu duara linampa mpinzani muda.

Kosa lililoniweka chini miezi mingi lilikuwa mabega. Nilikuwa nageuka mzima mzima kama mlango: kichwa, mabega, kiuno, miguu. Mwili ukigeuka wote, mzunguko hauna wa kuuzuia, nawe unaendelea kuzunguka. Mzoefu mmoja aliniambia nishike gongo kwa mikono miwili mbele ya kifua, nilielekeze ninakokwenda, na nihakikishe linabaki pale pale miguu inapogeuka. Mara ya kwanza nilihisi kiuno kimejisokota kama nguo inayokamuliwa. Nikasimama. Nilikuwa peke yangu upande ule wa uwanja, hakuna aliyeona.

Ukitaka kuijaribu, mwendo wake uko hivi. Unateleza kwa miguu miwili, upana wa mabega, magoti yamekunjwa. Unainuka kidogo, kama mtu anayetaka kuruka akaghairi. Kile kitambo cha kuinuka kinaupunguza uzito juu ya vyuma, na hapo ndipo vinapokubali kugeuka. Unageuza nyonga na miguu. Kisha unazama chini tena, na uzito unaporudi ndio unaopara. Asiyeinuka anajaribu kugeuza chuma kilichobeba kilo zake zote, na chuma kinakataa. Anayeinuka akasahau kuzama anaserereka tu, miguu imekingama lakini mwendo haupungui.

Kuna jambo linaloonekana kama kichekesho: breki hii ni ngumu zaidi ukienda polepole. Kwa mwendo wa konokono chuma hakina msukumo wa kukipitisha juu ya barafu, kinang'ata na kukupindua. Inahitaji mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Hofu inakushauri upunguze, na ukipunguza unaanguka, hofu nayo inajiona ilikuwa sahihi.

Uzito usambae karibu sawa, mguu wa mbele ukizidi kidogo, na ukae juu ya katikati ya unyayo. Ukiegemea visigino, miguu inakimbia mbele yako. Ukisimama wima bila kuegemea nyuma kidogo dhidi ya mwendo, makali ya upande unakoelekea yanajikwaa, na utarushwa kifudifudi. Ndiyo maana nasema kofia ngumu, vikinga viwiko, vikinga magoti na glavu ni sehemu ya somo. Anayejua hataumia sana hukubali kuzama. Asiye na vikinga hubaki amesimama wima, na kusimama wima ndiko kunakomwangusha.

Zikiwekwa pamoja

Kwa anayeanza, jembe linaeleweka ndani ya siku chache za mazoezi, T hukawia zaidi kwa kuwa inadai ujue kwanza kuteleza kwa mguu mmoja, na breki ya hoki huchukua wiki au miezi, kutegemea ujasiri na idadi ya saa barafuni. Kwa umbali wa kusimama, hoki iko mbele kabisa, jembe linafuata, T ni ya mwisho. Kwa usalama wa walio karibu yako jembe linashinda, maana unatazama mbele muda wote na huhitaji nafasi pembeni. Breki ya hoki iliyokosewa inafagia miguu ya jirani.

Ukija uwanjani mara moja kwa mwezi kujifurahisha, jembe litakutosha, na hakuna haja ya mtu kukufanya ujione mdogo kwa hilo. Hata wachezaji wazuri hulitumia wanapotaka kujipunguza mbele ya goli bila kugeuka. Ukiwa umetoka kwenye magurudumu na T yako ni nzuri, iendeleze kwa makali ya nje, lakini usiitegemee mahali penye watu. Ukiwa umejiandikisha kucheza hoki, huna chaguo: breki ya hoki ni ya lazima, na ni lazima uiweze pande zote mbili. Wachezaji wanapokimbizana kwenda kwenye ukuta wa nyuma, asiyeweza kusimama ni hatari kwake na kwa mwenzake. NHL yenyewe, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, yenye wachezaji wasio na shida ya kusimama, ilibadili sheria ya paki inayopigwa mbali toka nusu ya nyuma hadi kuvuka mstari wa goli la wapinzani, msimu wa 2013 hadi 2014 ili mwamuzi akate shauri mapema nani anafika kwanza, badala ya kuwaacha wakimbizane mpaka ukutani.

Kabla hujajilaumu

Nilipoteza wiki tatu nikidhani miguu yangu ndiyo mibovu. Nilikuwa nimeazima viatu vya uwanjani ambavyo makali yake yalikuwa butu kama mgongo wa kisu. Makali butu hayapari. Yanaserereka, na unajifunza tabia mbaya ya kuyalaza zaidi ili yashike. Siku niliyovaa viatu vilivyonolewa nililala chali mara tano ndani ya robo saa, kwa sababu sasa kila kitu kilishika.

Kwa hiyo uliza viatu vimenolewa lini. Kama ni vyako, uliza pia kina cha mfereji. Hupimwa kwa nusu kipenyo cha duara ambalo mfereji ni kipande chake: watu wazima wengi hutumia nusu inchi, yaani kama milimita 13. Namba ikipanda, kwa mfano hadi milimita 16, mfereji unakuwa wa kina kifupi na chuma kinaserereka kwa urahisi, jambo linalomsaidia anayejifunza kusimama. Ikishuka hadi milimita 10, chuma kinang'ata zaidi. Na kama unasimama vizuri upande mmoja tu, laza sarafu juu ya chuma kikiwa kimepinduliwa: ikikaa imeinama upande, makali mamoja yako juu kuliko mengine, na kosa ni la mnoaji.

Barafu nayo inabadilika. Mara tu baada ya ile mashine kubwa ya kulainisha barafu kupita, ile ambayo Frank Zamboni aliitengeneza California mwaka 1949, juu kuna utando wa maji na utaserereka mbali kuliko ulivyozoea. Mwisho wa kipindi kuna unga na mifereji iliyochimbwa na wengine. Hapo chuma hunasa. Jaribu breki mpya katikati ya kipindi, siyo dakika ya kwanza wala ya mwisho.

Kusimama ukirudi nyuma sitakuchosha nako: pindua jembe, visigino vielekeane na vidole vitanuke, inama mbele kidogo, sukuma kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Wengi huipata siku ile ile.

Mwisho, geuka utazame ulipopita. Barafu inaandika. Jembe huacha feni mbili zinazopanuka. T huacha mstari mmoja safi na kando yake msugo. Breki ya hoki huacha mikato miwili minene, mmoja kwa kila mguu. Ukiona mkato mmoja tu, mguu wa nyuma haukufanya kazi, rudi kwenye T. Ukiona mkato mnene na mbele yake mstari mwembamba unaoendelea, uliachia kabla hujasimama. Ya kwangu nikigeukia kushoto imelingana. Nikigeukia kulia, mkato wa nyuma bado ni mwembamba kama uzi, kwa hiyo ndiko ninakoanzia kila nikiingia.